Chungu Kimoja kwa Nyumba Nzima: Somo la Lishe kwa Familia Yenye Mtu Asiyestahimili Baadhi ya Vyakula



Katika karibu kila mtaa na kila kitongoji yupo mtu anayesemwa kwamba anachagua chakula. Akinywa chai ya maziwa, tumbo hujaa na kunguruma. Akila maandazi ya asubuhi, hushinda akienda chooni. Nyumbani huambiwa anadeka, na ugenini huambiwa anaringa. Wapo wanaodhaniwa kuwa wamerogwa, na wapo walioamua kunyamaza, wakala wanachopewa na kuumia peke yao. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, na zaidi kwa ajili ya yule anayempikia.

Neno tunalotaka msomaji abaki nalo ni moja. Kuacha chakula kinachodhuru ni hatua nyepesi. Hatua nzito ni kuziba pengo linaloachwa na chakula hicho, tena kwa fedha ileile inayolisha nyumba. Mtoto aliyeondolewa maziwa bila kupewa badala yake hudhoofika taratibu, na mtu mzima aliyeacha vyakula vingi kwa kubahatisha huishia kukosa nguvu. Hata hivyo pengo hilo huzibika, na mara nyingi bila kupika vyungu viwili, kwa sababu vyakula vingi vya bei nafuu katika masoko yetu havina ngano wala maziwa.

1. Mambo matatu yanayochanganywa

Kabla ya kubadilisha chakula, yapasa kutofautisha hali tatu ambazo watu wengi huziita kwa jina moja la aleji.

Hali ya kwanza ni kutostahimili chakula. Hapa tumbo hushindwa kumeng'enya kitu fulani kilichomo katika chakula. Dalili zake ni tumbo kujaa gesi, kunguruma, kusokota na kuharisha. Hutegemea kiasi kilicholiwa: vijiko viwili vya maziwa vyaweza kupita salama, lakini bilauri mbili zikaleta taabu. Hali hii husumbua sana, ila kwa kawaida haiui.

Hali ya pili ni mzio, ambao ndio hasa aleji. Kinga ya mwili hukishambulia chakula kana kwamba ni adui. Dalili huweza kuanza ndani ya dakika chache hadi saa mbili: ngozi kuwasha na kutoka vipele, midomo au uso kuvimba, kutapika, kupumua kwa shida, au kuzirai. Punje chache za karanga au kipande kidogo cha samaki vyaweza kutosha kuleta hatari ya kifo. Mtu anayevimba uso au kupumua kwa shida apelekwe kituo cha afya kilicho karibu wakati huohuo, kwa usafiri wowote uliopo, kwa kuwa dawa yake ni sindano ya adrenalini. Asinyweshwe maziwa wala kutapishwa. Akipona, chakula hicho kisijaribiwe tena nyumbani hata kwa kuonja.

Hali ya tatu ni ugonjwa wa siliaki. Mwenye ugonjwa huu, akila gluteni, ambayo ni protini iliyomo katika ngano na shayiri, kinga ya mwili wake huuharibu utumbo mwembamba. Mtoto hushindwa kukua. Mtu mzima hupungukiwa damu na kukonda ingawa anakula. Kwake yeye hata kiasi kidogo cha ngano kina madhara, ijapokuwa hasikii maumivu siku hiyo.

2. Kwa nini maziwa, na kwa nini ngano

Maziwa yana sukari iitwayo laktosi. Ili itumike mwilini, utumbo huikata kwa kimeng'enya kiitwacho laktesi. Mtoto mchanga anacho kwa wingi, kwa sababu maziwa ya mama ndiyo chakula chake. Baada ya kuachishwa ziwa, watu wengi hupungukiwa na kimeng'enya hicho kadiri wanavyokua. Inakadiriwa kuwa takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani humeng'enya laktosi kwa shida. Hivyo mtu mzima ambaye tumbo lake humsumbua kwa maziwa hana kasoro. Mwili wake unafuata njia ya walio wengi.

Wanaoendelea kuyamudu maziwa ukubwani ni zaidi wale ambao mababu zao walifuga kwa maelfu ya miaka. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walionyesha kwamba jamii za wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan zina mabadiliko ya kijenetiki yanayowawezesha kunywa maziwa ukubwani, na kwamba mabadiliko hayo ni tofauti na yale ya watu wa Ulaya. Ndiyo maana katika kata moja jirani wawili waweza kunywa kibuyu kimoja, mmoja akashiba na mwingine akaugua, na wote wawili wakawa wasema kweli.

Ama ngano, habari yake ilifahamika kwa njia ya huzuni. Nchini Uholanzi, daktari wa watoto Willem Karel Dicke alikuwa tayari akiishuku ngano kuwa chanzo cha siliaki. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945 njaa ya vita iliifanya mikate iadimike. Watoto waliokuwa na ugonjwa huo wakapata nafuu, na mikate iliporudi wakaugua tena. Kutoka hapo tiba ikajulikana: kuacha kabisa nafaka zenye gluteni. Mahindi, mchele, mtama, uwele na ulezi hazina gluteni hiyo, wala muhogo, ndizi na viazi.

Lipo pia kundi la tatu, la watu wanaosumbuliwa na ngano, vitunguu na maharage kwa pamoja. Mara nyingi hawa hawana siliaki. Tumbo lao huchachusha baadhi ya sukari zilizomo katika vyakula hivyo na kujaa gesi. Wao hawana haja ya kuacha kila kitu. Kupunguza kiasi, na kuyaloweka maharage usiku kucha kisha kuyamwaga maji hayo, huwasaidia wengi.

3. Kwanza zahanati, kisha daftari

Si kila tumbo linalouma limekataa chakula. Minyoo, amiba, giadia, vidonda vya tumbo na homa ya matumbo huleta dalili zinazofanana na hizi, na vyote hivyo vina tiba. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupimwa. Usichelewe endapo unaona damu katika choo, unapungua uzito, una homa, macho yamekuwa ya manjano, au kuharisha kunakuamsha usiku. Anayeshukiwa kuwa na siliaki asiache ngano kabla ya kupimwa, kwa maana akiiacha mapema kipimo chaweza kuonyesha kuwa ni mzima.

Ikiwa vipimo havikuonyesha ugonjwa, na kama hakuna dalili yoyote ya mzio, tumia daftari. Kwa wiki moja andika kila ulichokula, saa uliyokula, na jinsi tumbo lilivyokuwa. Kisha ondoa chakula kimoja tu unachokishuku, kwa mfano maziwa, kwa muda wa wiki mbili. Dalili zikitulia, kirudishe kidogo kidogo: siku ya kwanza robo kikombe pamoja na chakula, baada ya siku mbili au tatu nusu kikombe. Zikirudi, umepata jibu, na umejua pia kiasi unachokimudu. Ukiondoa vyakula vitano kwa pamoja hutajua ni kipi kilichokuwa kikikusumbua, na utakuwa umejinyima vinne bure.

Tahadhari moja ni kubwa kuliko nyingine zote. Mtoto mchanga anayeharisha asiachishwe ziwa la mama kwa dhana kwamba maziwa yanamkataa. Mtoto kuzaliwa bila uwezo wa kumeng'enya maziwa ni jambo la nadra mno. Kuharisha kwaweza kuudhoofisha uwezo huo kwa siku chache, kisha hurejea. Aendelee kunyonya, apewe maji ya chumvichumvi na madini ya zinki kama atakavyoelekezwa zahanati. Aliye chini ya miezi sita asipewe kitu kingine chochote pasipo ushauri wa mtoa huduma wa afya.

4. Kuziba pengo kwa gharama ndogo

Maziwa hutupatia protini, mafuta na madini ya kalisi yanayojenga mifupa. Asiyestahimili laktosi aangalie kwanza kama anaumudu mtindi, kwa kuwa bakteria wanaougandisha hupunguza laktosi na husaidia kuimeng'enya. Samli nayo ina laktosi kidogo mno. Wengi huweza pia kunywa hadi kikombe kimoja cha maziwa kwa siku, wakigawa kidogo kidogo pamoja na mlo. Ruhusa hii haimhusu mwenye mzio wa maziwa. Yeye mtindi na samli pia humdhuru.

Asiyeweza hata hivyo anayo dagaa. Dagaa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, na humo ndimo ilimo kalisi. Majani ya mlonge, ufuta na ubuyu navyo vinachangia. Maharage, kunde na choroko hutoa protini kwa bei iliyo chini kuliko nyama.

Anayeacha ngano ana kazi nyepesi zaidi katika nchi yetu kuliko penginepo, kwa sababu chapati, mkate na maandazi si msingi wa mlo wetu mkuu. Tatizo lake ni asubuhi na safarini. Viazi vitamu vya kuchemsha, magimbi, ndizi, mahindi ya kuchemsha na uji wa ulezi hutosha kwa kifungua kinywa. Na anayetaka kitafunwa, mapishi ya pwani yalikwisha kumtangulia: vitumbua na mkate wa kumimina hupikwa kwa mchele na tui la nazi.

Katika kulinganisha gharama, usipime kwa bei ya kilo. Pima kwa shibe. Andika kwenye karatasi fedha inayotumika kwa kifungua kinywa cha nyumba nzima kwa wiki moja, yaani maandazi, maziwa na sukari. Wiki inayofuata, tumia viazi vitamu na chai ya tangawizi, uandike tena. Utakuwa na hesabu ya nyumba yako mwenyewe, si ya kukisia. Mtama, maharage na karanga hununuliwa kwa nafuu baada ya mavuno; majirani wawili au watatu wakichangia gunia, kila mmoja hupata kwa bei ya jumla. Nafaka ikaushwe vyema na kuhifadhiwa pasipo unyevu, maana mahindi na karanga zilizoota ukungu huweza kuwa na sumukuvu, nayo haiondoki kwa kupikwa.

Muhogo nao una sharti lake. Anayeuongeza badala ya ngano ahakikishe kwamba muhogo mchungu umemenywa, ukalowekwa siku tatu au zaidi mpaka ulainike, kisha ukaanikwa hadi ukauke kabisa. Mwaka 1985, wakati wa ukame wilayani Tarime, watu walipooza miguu ghafla kwa maradhi yaitwayo konzo baada ya kula kwa muda muogo mchungu usioandaliwa ipasavyo huku wakikosa vyakula vya protini. Kwa hiyo unga wa muhogo uchanganywe na mtama au mahindi, na uliwe pamoja na dagaa au mikunde.

5. Mapishi matatu ya chungu kimoja

Mapishi haya hayana ngano, maziwa wala mayai, na vipimo vya mawili ya kwanza vinakadiriwa kwa watu sita.

*Makande.* Loweka usiku kucha nusu kilo ya mahindi yaliyokobolewa na nusu kilo ya maharage, kila kimoja katika chombo chake. Asubuhi mwaga maji hayo. Chemsha mahindi kwanza, kisha ongeza maharage. Yatokote kwa nguvu dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto. Vikiiva, tia nyanya, karoti, chumvi na tui la nazi. Kitunguu kikaangwe pembeni na kuongezwa katika sahani za wanaokimudu.

*Vitumbua.* Loweka vikombe vitatu vya mchele usiku kucha. Chuja, kisha saga pamoja na vikombe viwili vya tui zito mpaka ulainike. Tia nusu kikombe cha sukari, iliki kidogo na kijiko kimoja cha chai cha hamira. Acha uumuke kwa saa moja hivi, kisha choma katika chuma cha vitumbua kwa mafuta kidogo.

*Uji wa ulezi wenye unga wa dagaa.* Chambua dagaa wakavu, waoshe mchanga uishe, waanike, wakaange bila mafuta, kisha twanga na kuchekecha. Katika kila bakuli la uji wa mtoto aliyevuka miezi sita, tia kijiko kimoja cha chai cha unga huo wakati uji ungali motoni. Asiyemudu samaki atumie ufuta au karanga zilizotwangwa, ikiwa havimletei mzio.

Kwa siku nyingine za juma, familia yaweza kupanga hivi: ugali wa mtama na mlenda kwa dagaa, wali na choroko za nazi, ndizi za kupika na maharage, viazi vitamu na kisamvu cha karanga, ugali wa mahindi na matembele kwa samaki. Wote hula chungu kimoja. Mwenye kumudu maziwa atakunywa yake baada ya mlo, na hakuna atakayekaa pembeni na sahani ya peke yake.

6. Mitego ya sokoni, mashineni na shuleni

Wengi huacha chakula wanachokijua, kisha hurudishiwa kwa mlango wa nyuma. Unga wa lishe unaouzwa bila maelezo waweza kuwa na soya, karanga, hata ngano. Ni salama zaidi kununua nafaka na kuchanganya mwenyewe. Biskuti na mkate mara nyingi huwa na maziwa ya unga. Soseji, katlesi na baadhi ya michuzi mizito hutiwa unga wa ngano. Mafuta yaliyokaangia sambusa na maandazi hubeba mabaki yake hadi kwenye viazi vya chipsi.

Mwenye siliaki aombe mashine isafishwe kabla ya kusagiwa, au asage baada ya mtu aliyesaga mahindi, na kilo ya kwanza itengwe kwa wengine. Mwenye mzio wa karanga asikubali mwiko uliotoka katika chungu chenye karanga.

Mzazi amweleze mwalimu wa darasa na mpishi wa shule, kwa maneno na kwa maandishi, ni kitu gani mtoto asile na ni dalili zipi zikitokea akimbizwe kituoni. Mtoto naye afundishwe kusema bila haya: "Shikamoo mama, naomba kuuliza, uji huu una karanga?" Na sisi tunaokaribisha wageni tujizuie kusema "onja kidogo tu." Kwa mwenye mzio, kidogo hicho chaweza kuwa cha mwisho.

7. Mahali pa kupata msaada

Anzia kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kitongoji chako, au zahanati ya kijiji. Watoto wa chini ya miaka mitano wapelekwe kliniki kila mwezi ili uzito na urefu wao upimwe. Mtoto aliyeachishwa chakula chochote mzazi alitaje jambo hilo kwa muuguzi. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ni nafasi ya kuuliza na kujifunza mapishi kwa vitendo. Afisa Lishe wa halmashauri hupokea wanaopelekwa kwake kutoka vituoni na huwasaidia kupanga mlo kulingana na kipato. Njoo na daftari lako. Litamweleza mengi kuliko kumbukumbu.

Maswali ya kujipima nyumbani

1. Ni dalili zipi zinazoonyesha mzio wa hatari, na utafanya nini zikitokea usiku?
2. Kwa nini chakula kimoja tu ndicho kiondolewe kwa wakati mmoja?
3. Ukiondoa maziwa katika chakula cha mwanao wiki hii, ni vyakula gani viwili vilivyomo sokoni kwako vitakavyoziba pengo lake?

Swali la tatu lijibiwe na nyumba nzima mkiwa pamoja jikoni, pamoja na yule ambaye hadi jana mlisema anachagua chakula.